Kanisa lililoanza kabla ya Luther

Kila nikisema mimi ni Mmoravian nikiwa mbali na Mbeya au Tabora, mtu huitikia kwa adabu kisha huuliza: "Ninyi si kama Walutheri tu?" Nawaelewa wanaouliza. Tunabatiza watoto, tuna kipaimara, wamisionari wetu wa kwanza walitoka Ujerumani, na shuleni sote tulifundishwa kwamba Uprotestanti ulianza mwaka 1517, Martin Luther alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Lakini miaka 60 kabla ya hapo, mwaka 1457, katika kijiji cha Kunvald huko Bohemia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, kulikuwa na watu waliokwisha kujitenga na kuanza kuishi kama ushirika wao wenyewe. Luther alikuwa hajazaliwa. Nataka kuieleza historia hiyo kwa kirefu, kwa sababu naona sisi wenyewe tumeanza kuisahau, na tukiisahau tutapoteza pia mambo tunayoyafanya kila mwaka bila kujua yalikotoka.

Mwanzo wake ni Jan Hus. Alikuwa padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Prague, na tangu 1402 alihubiri katika Kanisa dogo la Bethlehemu mjini humo, kwa Kicheki, lugha ambayo muuza mboga na seremala waliielewa. Aliwashutumu maaskofu waliotajirika, akapinga biashara ya vyeti vya msamaha wa dhambi, akasema kichwa cha Kanisa ni Kristo. Aliitwa kwenye mtaguso wa Konstanz, mkutano mkuu wa Kanisa, akaahidiwa na mfalme Sigismund kwamba atakwenda na kurudi salama. Hakurudi. Tarehe 6 Julai 1415 walimchoma moto, na majivu yake wakayamwaga katika mto Rhine ili asibaki na kaburi la kutembelewa na wafuasi wake.

Baada ya hapo Bohemia ilipigana. Wafuasi wa Hus walishika silaha tangu 1419, wakashinda majeshi makubwa, kisha wakagawanyika na kuuana wao kwa wao. Hapo ndipo linapozaliwa kanisa langu, na naomba msomaji akae hapa kidogo. Waliokwenda Kunvald walikuwa watu waliochoshwa na damu iliyomwagwa kwa jina la kikombe cha Bwana, kile ambacho wafuasi wa Hus walidai waumini wote wapewe katika Meza ya Bwana. Walikuwa wamesoma maandiko ya Petr Chelčický, mtu wa kijijini aliyefundisha kwamba Mkristo hashiki upanga, haapi, wala hatafuti ukubwa juu ya mwenzake. Kiongozi wao waliyemwita Ndugu Řehoř hakuwa padri. Walijiita Umoja wa Ndugu, na jina hilo tunalo hadi leo katika Kilatini: Unitas Fratrum. Hakuna mwanateolojia mmoja mashuhuri ambaye kanisa hili limepewa jina lake. "Moravian" ni jina la mahali tu, jimbo la Moravia, ambako wakimbizi wa baadaye walitoka.

Miaka kumi ya kwanza waliwategemea mapadri wa Bohemia waliowaonea huruma. Mwaka 1467 wakakutana Lhotka kuamua kama wawe na watumishi wao wenyewe. Walichagua watu tisa wanaofaa, kisha wakapiga kura kwa vikaratasi: vitatu viliandikwa "ndiye", tisa vilikuwa vitupu. Vikaratasi vilizidi watu kwa makusudi, kwa hiyo ingewezekana kabisa wote tisa watoke mikono mitupu, na hilo lingehesabiwa kuwa jibu la Mungu kwamba wakati bado. Vyote vitatu vilitoka: Matthias wa Kunvald, Tomáš wa Přelouč na Eliáš wa Křenov. Nimesikia watu wakilieleza tukio hili kama bahati nasibu iliyobarikiwa. Mimi naliona tofauti. Watu wale walikuwa tayari kurudi nyumbani bila mchungaji hata mmoja. Unyenyekevu wa namna hiyo ni adimu katika vikao vyetu vya uchaguzi, ambako mara nyingi kila mgombea huwa ameshajihesabia kura kabla sala ya ufunguzi haijasemwa.

Ndugu wale walipenda mambo mawili, kuimba na kusoma. Kitabu chao cha nyimbo kilichapishwa Prague mwaka 1501, miaka 16 kabla ya hoja za Luther. Baadaye maaskofu na wasomi wao wakaitafsiri Biblia nzima kwa Kicheki kutoka lugha za asili, na kuanzia 1579 ikachapwa kwa siri katika mji mdogo wa Kralice, juzuu sita. Biblia ya Kralice ilikisafisha Kicheki cha maandishi kwa karne nyingi zilizofuata, hata kwa wasiokuwa waumini.

Kisha ikaja 1620. Jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilishindwa katika vita vya Mlima Mweupe nje ya Prague, na tarehe 21 Juni 1621 viongozi 27 waliuawa hadharani katika uwanja wa mji mkongwe, baadhi yao wakiwa wa Umoja wa Ndugu. Waliobaki waliambiwa wabadili dini au waondoke. Askofu wao wa mwisho wa zama zile, Jan Amos Comenius, alivuka mpaka kwenda Leszno, Poland, mwaka 1628, na hakuiona tena nchi yake. Walimu wanamjua kwa sababu nyingine: yeye ndiye aliyetunga, mwaka 1658, kitabu cha watoto kinachofundisha maneno kwa picha, na ndiye aliyedai kwamba wasichana wafundishwe kama wavulana na maskini kama matajiri. Alifariki Amsterdam mwaka 1670, akazikwa Naarden, akiamini kanisa lake limekufa, ila akiomba kwamba Mungu ahifadhi mbegu iliyofichwa.

Kwa miaka mia moja haikuonekana. Familia za Moravia zilikwenda misa Jumapili, na usiku zikatoa vitabu vya nyimbo walikovificha. Wakati huohuo uaskofu wa Ndugu ulibaki ukipokezanwa uhamishoni bila kuwa na kanisa kubwa la kuuongoza, mpaka ukamfikia mjukuu wa Comenius mwenyewe, Daniel Ernst Jablonski, mhubiri wa ikulu mjini Berlin. Yeye, mwaka 1735, ndiye aliyemwekea mikono David Nitschmann, seremala, kuwa askofu wa kwanza wa Umoja uliofufuka. Mnyororo haukukatika, ingawa palifika mahali ulishikwa na watu wachache sana.

Ufufuo wenyewe ulianzia msituni. Seremala mwingine, Christian David, alikuwa akipita na kurudi mpakani kuwaleta wakimbizi Saxony, katika shamba la bwana mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyekuwa Mlutheri. Tarehe 17 Juni 1722 alikata mti wa kwanza chini ya kilima cha Hutberg, na hapo pakajengwa Herrnhut. Miaka mitano ya mwanzo haikuwa ya amani. Wakimbizi wa kila namna walijazana pale, wakabishana juu ya ibada na wakatengana. Christian David mwenyewe alifikia kujijengea kibanda nje ya kijiji. Zinzendorf aliacha kazi yake ya serikali mjini Dresden, akahamia kwao, akatembea nyumba kwa nyumba. Tarehe 12 Mei 1727 walitia sahihi mapatano ya kuishi kindugu. Tarehe 13 Agosti mwaka huo, katika kanisa la jirani la Berthelsdorf, walishiriki Meza ya Bwana pamoja, na waliokuwa hawasalimiani walitoka wakilia na kukumbatiana. Sisi huihesabu siku hiyo kuwa Pentekoste yetu.

Waumini hawakutaka kuachana baada ya ibada ile. Walibaki katika vikundi wakizungumza, Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake wale pamoja. Hapo ndipo ilipotoka Karamu ya Upendo, mkate na kinywaji vinavyopitishwa kanisani huku nyimbo zikiendelea. Sio sakramenti na haihitaji mchungaji kuiwekea wakfu. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za siku ili asiwepo dakika moja ambayo hakuna mtu anayeomba. Zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Na tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf akawapa mstari mmoja wa kubeba kesho yake kutwa. Ndugu waliupeleka mlango kwa mlango. Kuanzia 1731 mistari ya mwaka mzima ikachapwa kitabu, na haijaacha kuchapwa mpaka leo, hata katika miaka ya vita viwili vikuu. Neno la siku huchaguliwa kwa kura kutoka Agano la Kale, kisha hulinganishwa na mstari wa Agano Jipya. Asubuhi ambayo wewe unalisoma Tukuyu, mtu wa Paramaribo, Nain ya Labrador na Bethlehem ya Pennsylvania analisoma hilohilo.

Sasa utume. Mwaka 1731 Zinzendorf alikutana Copenhagen na Mwafrika aliyeitwa Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas, aliyemsimulia habari za dada yake aliyebaki kisiwani akitamani kulisikia neno la Mungu. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Agosti 1732, Leonhard Dober, mfinyanzi, na yule Nitschmann seremala waliondoka Herrnhut kwa miguu. Mimbarani hupenda kusemwa kwamba walijiuza utumwani ili wawahubirie watumwa. Hawakufanya hivyo. Dober alisema yuko tayari, lakini sheria ya kisiwa haikuruhusu, na waliishi kwa useremala wa Nitschmann. Nasema hili kwa sababu ukweli unatosha bila kupambwa, na kwa sababu hadithi ile nzuri huficha jambo chungu: baada ya miaka michache misheni ya St. Thomas ilinunua shamba pamoja na watumwa waliokuwa humo, na Wamoravian waliendelea kumiliki watu, kule Karibi na baadaye Carolina ya Kaskazini. Waliketi nao benchi moja kanisani na bado waliwahesabu kama mali. Siwezi kusimulia Herrnhut kwa furaha nikalinyamazia hilo.

Walioieneza Injili ile visiwani walikuwa zaidi watu weusi wenyewe. Namkumbuka Rebecca, aliyezaliwa utumwani na kupata uhuru wake, aliyekuwa akitembea usiku kutoka shamba moja hadi lingine kufundisha wanawake kusoma na kuomba. Alifungwa jela pamoja na mumewe mzungu kwa sababu ya kazi hiyo. Mwishoni mwa maisha yake alivuka bahari akaenda pwani ya Afrika Magharibi, Christiansborg, karibu na Accra ya leo, akafia huko mwaka 1780. Na kuna Vehettge Tikkuie wa Afrika Kusini, mwanamke Mkhoikhoi aliyebatizwa 1742 na mmisionari wetu Georg Schmidt na kuitwa Magdalena. Schmidt alilazimishwa kuondoka 1744 kwa kuwa wachungaji wa Cape hawakuutambua ubatizo wake. Wamisionari waliporudi mahali pale mwaka 1792, karibu nusu karne baadaye, walimkuta bibi huyo angali na Agano Jipya aliloachiwa, limefungwa katika ngozi ya kondoo, na chini ya mti wa mpea alioupanda Schmidt watu walikuwa wakikutana kusomewa. Mahali hapo panaitwa Genadendal. Ni mbegu ileile ya Comenius, safari hii ikishikwa na mwanamke wa Kiafrika.

Naharakisha kidogo ili nifike nyumbani. Mwaka 1891 vijana wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walipita Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa na kupanda kwenda nchi ya Wanyakyusa. Nauli na gharama zilitokana na urithi mkubwa ulioachwa na mfanyabiashara Daniel Crakau. Mwezi Agosti walianza kituo chini ya Mlima Rungwe. Martin alikufa mwaka huohuo, kwa homa. Ilichukua mpaka 1897 kumpata mtu wa kwanza wa kubatizwa, mwanamke aliyeitwa Fiabarema. Tazama jinsi inavyojirudia: St. Thomas, Genadendal, Rungwe, mlango hufunguliwa na mwanamke.

Baada ya Rungwe kulikuja Rutenganio, Ipyana, Utengule ya Usangu, Mbozi, Isoko. Upande wa Unyamwezi walipokea kituo cha Urambo mwaka 1898 kutoka kwa Wamisionari wa London, wakafungua Sikonge 1902. Kati ya wamisionari wale yupo mmoja ninayemheshimu kuliko wengine, Traugott Bachmann wa Mbozi. Alifika akiamini kila desturi ya Mnyiha ni giza. Kadiri alivyokaa ndivyo alivyokubali kufundishwa. Aliwatafsiria Agano Jipya kwa Kinyiha, na alifikia kuwapokea kanisani wanaume wenye wake wengi bila kuwaamuru wawafukuze wake zao, akijua kwamba mwanamke anayefukuzwa ndiye anayelipa gharama ya utakatifu wa mume. Wenzake wengi hawakumwelewa.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 wamisionari Wajerumani walikamatwa na kupelekwa uhamishoni, na hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari Waskoti wa Livingstonia walisaidia upande wa kusini, lakini walikuwa wachache mno. Walimu na wazee wa vijijini ndio waliofundisha watoto, wakazika, wakaongoza sala. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, ikawa hivyo tena. Wapo wanaosimulia miaka hiyo kama pengo kati ya mzungu aliyeondoka na mzungu aliyerudi. Mimi naiona ndiyo miaka kanisa lilipokuwa letu. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji, mzaliwa wa Unyamwezi, akawa askofu, na chuo kikuu cha kanisa mjini Mbeya kina jina lake. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, na Sinodi ya Umoja ya dunia nzima ilifanyika Dar es Salaam mwaka 1995. Kutoka Tanzania kanisa limeingia Malawi, Zambia, Kongo na Burundi. Herrnhut, kwa upande wake, ni mji mdogo wa watu wachache, uliotangazwa urithi wa dunia mwaka 2024. Wajukuu wa Rungwe ni wengi kuliko babu.

Ndiyo maana naona wajibu wa kutunza desturi uko kwetu sasa. Nitaanza na ile iliyo karibu zaidi na moyo wangu, Pasaka alfajiri. Mwaka 1732 vijana wa Herrnhut walipanda Hutberg gizani, wakasimama kati ya makaburi, wakaimba mpaka jua likachomoza. Tunafanya hivyo Rungwe, Tabora na Sumbawanga: matarumbeta huanza kijiji kikiwa bado kimelala, watu hutoka na kanga zao mabegani na ukungu wa mlimani umetanda, tunaingia makaburini tukiungama imani kwa sauti, na tunawakumbuka waliotutoka tangu Pasaka iliyopita. Hakuna mahubiri marefu ya ufufuo yanayoweza kufanya kazi inayofanywa na dakika zile ukiwa umesimama juu ya kaburi la mama yako, tarumbeta inapiga na mashariki kunapambazuka.

Sasa makaburi yenyewe. Pale Hutberg, ukiacha makaburi ya familia ya Zinzendorf, mawe yamelazwa chini, karibu sawa kwa ukubwa. Mwungwana na mfua nguo wamezikwa kwa mpangilio wa kufa kwao, wanaume upande wao na wanawake upande wao, si kwa ukoo. Maana yake ni kwamba mbele za Mungu hakuna aliyesimama juu zaidi, na kwamba waliokufa bado ni ushirika mmoja. Tembea leo katika vijiji vyetu vya Rungwe uone majengo ya vigae, yenye paa na vyuma, kaburi moja likigharimu fedha ambazo zingesomesha watoto wa marehemu hadi kidato cha nne. Nawapenda watu wangu na ninajua kwamba kumheshimu marehemu ni jambo zito kwa Mnyakyusa, lenye mizizi kuliko kanisa. Lakini ninawaomba wazee wa kanisa walizungumze kwa uwazi. Bibi yangu aliagiza kaburi lake lilazwe jiwe moja, na familia ilitii baada ya mabishano makali. Hakuna aliyemsahau.

Desturi nyingine inafifia kwa namna isiyoonekana. Herrnhut kila muumini alitakiwa kuandika mwenyewe habari za maisha yake: alivyozaliwa, alivyompata Bwana, alivyoanguka, alivyofanya kazi. Maandishi hayo yalisomwa siku ya maziko, na maelfu yametunzwa katika nyaraka za kanisa. Humo mna vijakazi, mabaharia, watumwa walioachwa huru, watu ambao historia ya kawaida isingewaandika hata mstari. Sisi bado tunasoma wasifu wa marehemu, ila umekuwa ukurasa unaoandikwa usiku wa matanga na mpwa mwenye haraka: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha watoto na wajukuu. Sauti ya mwenye maisha haimo.

Katika ushirika wetu tumeanza kukaa na akina mama wazee baada ya ibada ya Jumapili, mmoja akisimulia na kijana wa kipaimara akiandika, kwa Kiswahili au Kinyakyusa, vyovyote anavyojisikia. Wengi husema hawana la kusimulia. Tumegundua wakiulizwa juu ya wokovu wao hujibu kwa maneno ya mimbarani, lakini wakiulizwa nani aliwafundisha wimbo wa kwanza, hawanyamazi tena: anatajwa shangazi, mwalimu wa shule ya msingi, mama mkwe, mgonjwa wa kitanda cha jirani hospitali ya Isoko. Anayetaka kuandika habari za mzazi wake aanze na swali hilo, na aanze mwezi huu.